Siku Arobaini na Tatu za Gusa Kwanza

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti. Leo namkumbuka mwanamke aliyeniumbua hewani, hapa hapa kwenye kipaza sauti hiki, na mpaka leo namshukuru.

Alifariki Jumanne ya wiki iliyopita, akiwa na miaka sitini na nne. Alifanya kazi kwenye ghala la mafuta, pale malori ya tangi yanapojazwa petroli. Alifanya kazi hiyo miaka thelathini na moja. Narudia kwa aliyechelewa kuwasha redio: ghala la mafuta, miaka thelathini na moja. Madereva walimwita Gusa Kwanza, na hata mumewe alikuja kumwita hivyo akitaka kumchokoza.

Jina hilo lilitokana na kazi yake. Pale panapojaziwa malori pana nguzo ya chuma, haijapakwa rangi. Kila aliyetaka kulisogelea lori ilibidi aishike nguzo ile kwa kiganja kitupu kwanza. Dereva, utingo, meneja, mgeni wa meneja, wote. Ukimsalimia kabla hujaigusa haitikii. Anakunyooshea kidole tu kuelekea kwenye nguzo. "Gusa kwanza, salamu baadaye."

Sasa niwaambie alivyoniumbua. Ni miaka kumi na moja sasa. Nilikuwa na kipindi cha asubuhi, mdomo wangu ukiwa na kasi kuliko akili. Msikilizaji mmoja akapiga simu akauliza: kwa nini nikivua sweta linalia ta-ta-ta, na nikishika kitasa cha mlango kinanichoma kama sindano? Nikamjibu kwa kujiamini kabisa kwamba hiyo ni damu kali. Nikaongeza kuwa hata mimi ninayo. Simu ikalia kabla sijamaliza kujisifu.

"Mtangazaji," sauti ya mwanamke ikasema, "kama umenizidi umri, shikamoo. Kama nimekuzidi, marahaba. Damu yako haina kosa lolote. Usiwatie watu hofu."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akanisomesha pale pale, hewani, kama mwanafunzi aliyekutwa hajafanya kazi ya nyumbani.

"Kila kitu kina chaji za aina mbili," alisema. "Chanya na hasi. Kiti chako kinazo, kikombe chako kinazo, wewe unazo. Kwa kawaida zinalingana, ndiyo maana huoni kitu. Ukisugua sweta kwenye nywele, kuna vijipande vidogo sana, vinaitwa elektroni, vyenye chaji hasi. Vinahama upande mmoja kwenda mwingine. Aliyepokea anakuwa hasi. Aliyepoteza anakuwa chanya. Hakuna chaji iliyozaliwa na hakuna iliyokufa. Zimehama nyumba tu."

"Na zinazofanana?" nikauliza, nisionekane sina la kusema.

"Zinazofanana zinasukumana. Zisizofanana zinavutana."

"Kama mume na mke!"

"Mimi na mume wangu tunafanana kama mapacha na bado tuko pamoja. Mambo ya ndoa usiyalete kwenye umeme, baba."

Wiki iliyofuata nikamwalika studio. Alikuja na kitana cha plastiki na vipande vya karatasi kwenye bahasha. Mimi nina kipara, mnanijua, kwa hiyo aliazima nywele za fundi mitambo wetu. Akasugua kitana mara kumi, akakishusha taratibu juu ya karatasi. Zile karatasi zikainuka zikakirukia. Fundi mitambo akapiga kelele mpaka zikasikika hewani. Gusa Kwanza akasema hii inaitwa umemetuli, umeme uliokaa mahali pamoja ukisubiri njia. "Ukipata njia pole pole, hutausikia," alisema. "Ukipata njia kwa ghafla, unaruka. Huo mruko ndio cheche. Kwenye kitasa cha mlango wako utasema aa, basi. Kazini kwangu hutapata nafasi ya kusema aa."

Hapo ndipo nilipoelewa kazi yake. Petroli ikipita ndani ya bomba kwa kasi, inasuguana na bomba. Chaji zinahama, kama kwenye sweta. Mafuta yanaingia kwenye tangi yakiwa na chaji zao. Lori limesimama juu ya matairi ya mpira, na mpira haupitishi umeme vizuri, basi chaji zinajaa tu. Na pale juu, kwenye mdomo wa tangi, kuna mvuke wa petroli. Cheche moja ndogo, ndogo kuliko ya njiti ya kiberiti, inatosha.

Dawa yake ni waya. Waya mmoja wenye kibanio cha chuma. Unakibana kwenye chuma cha lori, na upande wa pili waya unaingia chini ya sakafu mpaka kwenye fimbo ya shaba iliyozikwa ardhini. Mabomba nayo yameungwa hapo hapo, na ile nguzo ya kugusa imezikwa ardhini kivyake, inyonye chaji za mwilini mwa mtu. Chaji zinashuka ardhini pole pole, hakuna kinachoruka. Ardhi ni pana, inameza zote. Kazi ya Gusa Kwanza ilikuwa kuhakikisha waya ule ni mzima. Kila asubuhi aupime kwa mita, aandike kwenye daftari la ukaguzi, atie sahihi.

Alikuwa mkali, wasikilizaji wapendwa. Tusimpake mafuta kwa mgongo wa chupa kwa kuwa amefariki. Mume wake ni fundi cherehani, na ndiye aliyemshonea sare zote za kazi, za pamba tupu. Nailoni ilikuwa marufuku mpaka chumbani. Nilipokwenda kutoa pole juzi, mzee alinisimulia huku anacheka na machozi yanamtoka. "Mimi niliposa mke," aliniambia, "nikaletewa mkaguzi. Siku ya kwanza kuja kwetu aliuliza soketi ya sebuleni nani kaifunga, maana imekaa upande."

Binti yake mkubwa ni mkunga. Anasema alipokuwa darasa la tatu mama yake alikuwa anamwambia asugue kitana kwenye nywele pale meza ya jikoni, aeleze mwenyewe karatasi inarukaje. Akikosea, anaambiwa asugue tena. "Mama alikuwa hakubali neno 'nadhani'," binti huyo aliniambia. "Ukisema nadhani, anakuuliza: umepima?"

Shikeni neno hilo, umepima, kwa sababu ndilo lililomgeukia mwenyewe.

Ilikuwa mwaka wake wa kumi na tisa kazini. Meneja alikuwa ameshamwita ofisini na kumwambia kwamba mwezi ukiisha atakuwa mkuu wa usalama wa ghala zima. Hakuna mwanamke aliyewahi kukaa kwenye kiti kile. Hakuna hata mpakiaji wa kawaida aliyewahi kufika pale, walikuwa wanaletwa watu wa vyeti. Yeye alikuwa amekitamani kiti kile miaka mingi, na hakuficha. Mume wake alishaanza kumshonea koti jipya, lenye mfuko wa kalamu kifuani. Zilibaki siku tisa.

Sasa kulikuwa na dereva mmoja wa siku nyingi, anaitwa Mzee Honi kwa sababu hawezi kupita popote bila kupiga honi. Yeye na Gusa Kwanza walikuwa hawaivi chungu kimoja. Mzee Honi alidai nguzo ile inampotezea muda. Gusa Kwanza alidai Mzee Honi akikamatwa na moto atalaumu moto.

Siku hiyo Mzee Honi akamfuata. Lori lake lilikuwa linajazwa, kibanio kimebanwa vizuri, kila kitu kimefuatwa. Akasema, "Mama, nimeshika ngazi ya lori imenichoma kidole."

"Hilo koti lako la nailoni," Gusa Kwanza akamjibu. "Nimekwambia mara ngapi?"

"Jana pia ilinichoma."

"Na jana ulivaa koti gani?"

Watu wakacheka. Mzee Honi akaondoka amenuna. Narudia hapo, kwa sababu ni pazito: mtu alimletea habari ya kweli, na yeye akafanya mzaha.

Baada ya siku mbili Mzee Honi akarudi. Safari hii hakuvaa koti. Alivaa shati la pamba, tena alilivaa kwa makusudi. Akaenda kwenye nguzo, akaigusa mbele ya macho ya Gusa Kwanza. Akagusa mara ya pili. Halafu akaenda kwenye ngazi ya lori, mafuta yakiwa yanaingia, akaishika. Akaruka nyuma. "Haya," akasema, "sasa sema ni shati."

Gusa Kwanza alifunga koki ya mafuta mwenyewe, kwa mikono yake. Kisha akaenda kabatini kuchukua mita.

Hapa niwafafanulie. Kwa sheria ya ghala, waya ule hupimwa kwa mita kila asubuhi. Yeye mwenyewe ndiye aliyewafundisha wapakiaji wote kupima. Lakini mwenyewe, baada ya miaka kumi na tisa, alikuwa ameacha. Alikuwa anauangalia waya kwa macho, anauvuta kidogo kwa mkono, anaona umeshika, anaandika: "Waya wa ardhi: sawa." Anatia sahihi. Mganga hajigangi.

Akaweka mita. Sindano haikusogea. Akasafisha ncha, akaweka tena. Sindano ikakaa pale pale. Kibanio kilikuwa kizima. Waya ulioonekana juu ulikuwa mzima, unang'aa. Lakini chini ya sakafu haukuwa unafika popote.

Walipoanza kuchimba walikuta mambo wazi. Mafundi wa zege walikuwa wamemwaga sakafu mpya, na katika kupasua ile ya zamani walikata waya chini, wakafukia, wakaenda zao. Gusa Kwanza akahesabu tangu siku ya zege mpaka siku ile. Siku arobaini na tatu. Kwa siku arobaini na tatu madereva walikuwa wanabana kibanio kwa uaminifu, na kibanio kinashika hewa.

Mtauliza, mbona halikulipuka? Nami nilimuuliza. Alinijibu kwamba siku nyingi kati ya zile zilikuwa za mvua. Hewa yenye unyevu inazipa chaji njia ya kutorokea, na hata matairi yakilowa yanasaidia. Ukame ulikuwa umeingia wiki ile tu, na ndiyo maana Mzee Honi alianza kuchomwa. "Tuliokolewa na mawingu," aliniambia. "Na mawingu hayatii sahihi kwenye daftari langu."

Akaenda kwa meneja. Meneja hakuwa mtu mbaya, na hata yeye Gusa Kwanza hakuwahi kumsema vibaya. Alimsikiliza, akafunga mlango.

"Hakuna aliyeumia," meneja akasema. "Tutaunga waya leo, kesho tunaendelea. Wewe una siku saba tu."

"Madereva je?"

"Madereva wakijua watagoma. Na wakuu wakijua, unadhani watakupa kile kiti? Nakusaidia wewe."

Gusa Kwanza aliniambia bila aibu kwamba alitamani sana kukubali. Alifikiria koti lenye mfuko wa kalamu. Alifikiria wanawake wengine pale ghalani, ambao wangeambiwa: mwaona, tulimpa nafasi mwenzenu akaiharibu. Hilo ndilo lililomuuma zaidi, kwamba kosa lake lingebebeshwa watu wengine.

Kisha akasema, "Wanabana kile kibanio kwa sababu mimi niliwaambia kinafanya kazi. Wakijua baadaye kwamba nilijua nikanyamaza, hakuna atakayekibana tena. Wataona ni mapambo."

Akachukua daftari la ukaguzi. Akaketi kwenye benchi la madereva, nje, mchana, kila mtu anaona. Akafungua ukurasa wa siku ya zege. Palipoandikwa "sawa" akapiga mstari, na pembeni akaandika "sikupima", akatia sahihi. Akafungua siku ya pili. Akapiga mstari, akaandika "sikupima", akatia sahihi. Mara arobaini na tatu. Mzee Honi alikuwa amesimama nyuma yake, na anasema kufika kama ya ishirini alitaka kumnyang'anya kalamu, roho ilimuuma.

Alipomaliza akasimama juu ya benchi. Maneno yake Mzee Honi anayakumbuka yote, maana hayakuwa mengi. "Waya huu umekatika siku arobaini na tatu. Mimi niliandika ni mzima bila kupima. Huyu mzee aliniambia nikamcheka. Leo hakuna lori linalojazwa hapa mpaka mita iseme. Mwenye hasira aje kwangu, asiende kwa mwingine."

Walikuwepo wenye hasira. Dereva mmoja alimtolea maneno ambayo siwezi kuyatamka saa hizi watoto wakisikiliza. Alimwacha amalize. Alikuwa na haki, aliniambia.

Kiti hakupata. Hakukipata mwezi ule, na hakukipata mpaka anastaafu. Aliteremshwa, akarudi kuwa mpakiaji wa kawaida kwa miaka miwili ndipo akarudishiwa ukaguzi. Aliletwa kijana wa vyeti kuwa mkuu wa usalama, na Gusa Kwanza ndiye aliyemfundisha kusoma mita. Binti yake aliwahi kumuuliza kama aliumia. Akamjibu, "Niliumia sana. Usinifanye malaika, mwanangu. Nililia siku tatu na baba yako akalificha lile koti nisilione."

Lakini ghalani pale kuna jambo lilibadilika, na mimi nimekwenda kuliona kwa macho. Daftari la ukaguzi halina tena neno "sawa". Lina mahali pa kuandika namba iliyosomwa kwenye mita. Bila namba, koki haifunguliwi. Yeye ndiye aliyeliomba hilo, akiwa mpakiaji wa kawaida, na akamkalia kooni yule mkuu mpya mpaka likafanyika. Na madereva, pale penye mistari minne ya kujazia, walikuwa wanapanga foleni kwenye wake. Hata wakiwa na haraka, bado walipanga kwenye wake. Nilimuuliza Mzee Honi kwa nini, mtu aliyekiri kuwaweka hatarini siku zote zile. Akanitazama kama nimeuliza swali la kijinga.

"Wale watatu wengine," akasema, "hawajawahi kuniambia walikosea nini. Wewe ungepanga wapi?"

Wasikilizaji wapendwa, juzi binti yake alileta hapa redioni karatasi ya tanzia, nimsomee mama yake. Imepigwa chapa vizuri. Lakini sentensi moja imekatwa kwa kalamu. Ilikuwa imeandikwa: "Katika miaka thelathini na moja ya kazi, hakuwahi kukosea." Nikamuuliza kulikoni. Akaniambia waliisoma nyumbani mbele ya waliokuja kuhani, na Mzee Honi akainuka. Ana miaka sabini na mingi sasa, anatembea kwa mkongojo. Akawaambia, "Hilo futeni. Mkiandika hivyo mnamfukia mara mbili. Waliokuwa hawakosei tulikuwa nao wengi pale, na hakuna hata mmoja ambaye ningemwachia roho yangu." Kisha mume wake, yule fundi cherehani, akatoa kalamu mfukoni akaikata mwenyewe.

Pembeni ameandika kwa mkono, na nasoma kama ilivyo: "Alikosea siku arobaini na tatu. Alisema mwenyewe."

Kwa mzee wetu fundi cherehani, kwa binti zake wawili na mwanawe wa kiume, kwa wajukuu, kwa wapakiaji na madereva wote wa ghala lile: poleni. Poleni sana. Mmempoteza mtu, na sisi tuliomsikia tumempoteza pia. Mungu ampumzishe.

Na wewe unayenisikiliza, uko jikoni, uko dukani, uko ofisini na kalamu mkononi. Kuna mahali leo umeandika "sawa", na hukupima. Mimi sipajui. Wewe unapajua. Nenda ukapime, na ukikuta si sawa, waambie wale waliokuamini, kabla ukame haujaingia.